Usiku wa Nne na wa Tano

Karakana yetu ya mabegi ina sheria moja tu, na haijaandikwa popote: kilicholala juu ya meza ya kukatia, kinakatwa. Usichotaka kikatwe, kitundike msumarini. Misumari imejaa ukuta mzima, na kila mmoja una mzigo wake: violezo vya kadibodi tunavyofuatisha kwa chaki, mikanda, rula, koti la mvua la tajiri mwenye karakana, hata mfuko wenye mkate wangu wa mchana. Fundi wa kukata hana muda wa kuuliza maswali. Akikuta turubai mezani, anakata. Akikuta kadibodi, anakata. Mwaka juzi alikata shuka jipya la tajiri lililopumzishwa pale dakika mbili wakati mwenyewe anatafuta funguo. Tajiri aliporudi alikuta shuka limekuwa bitana ya mabegi kumi na manne. Akashika kiuno, akatazama, akasema, “Kosa langu.”

Fundi huyo tunamwita Mkasi. Alipewa jina jingine alipozaliwa, lakini hata mkewe hulisahau. Ni mtu mzima, mfupi, miwani yake imefungwa upande mmoja kwa uzi wa kushonea, na akianza kukata husikii kitu isipokuwa ile pumzi ya kitambaa kinapoachana. Mimi ananiita Diploma. Siku niliyokuja kuomba kazi, miaka miwili iliyopita, niliweka cheti changu juu ya ile meza. Alikiokota, akakisoma, akakigeuza nyuma, akakuta peupe. “Karatasi nzuri,” akasema. “Upande mmoja haujatumika bado.” Tangu hapo jina limeganda, nami sijali. Wapo walioitwa vibaya zaidi kwa sababu ndogo zaidi.

Nilichosomea ni ubunifu wa vitu vya kila siku. Watu wakisikia hivyo husubiri niendelee, kana kwamba bado sijasema kitu. Basi huwaeleza habari ya mlango wa nyumbani kwetu. Tunaishi wawili, mimi na mama. Mama ni muuguzi, na alikuwa akirudi kazini anavua viatu akiwa amesimama kwa mguu mmoja, kiganja ukutani, mpaka ukuta ukaota alama nyeusi usawa wa bega lake. Nikaitazama ile alama miezi mitatu. Kisha nikampima goti alipokuwa amelala, nikamtengenezea kibenchi cha kukaa pale mlangoni. Siku ya kwanza alirudi, akakiona. Alikaa, akavua kiatu kimoja, akabaki hivyo nusu saa, kingine kikiwa mguuni, amefumba macho. Huo ndio ubunifu. Mengine ni kuchora.

Nilipomaliza chuo niliandika mambo matatu nyuma ya daftari. La kwanza, nibuni kitu ambacho watu nisiowajua watakibeba. La pili, nijifunze kuogelea. La tatu, niende mpaka barabara inapoishia. La pili nilijaribu, mimi na maji tukaelewana kila mtu abaki kwake. La kwanza lilikuwa linakaribia. La tatu ndilo lililoninyima usingizi.

Barabara yenyewe inapita mbele ya karakana. Mabasi yaendayo mbali yamebandikwa kiooni jina la mji wa mwisho, na tangu nikiwa mdogo nimekuwa nikiuliza watu: baada ya mji huo je? Hujibu: baada ya hapo, barabara tu. Jibu gani hilo? Kitu chochote kilichotengenezwa na mikono ya watu lazima kiishe mahali fulani, na mimi nilitaka kusimama mahali hapo. Sikuwa na sababu nyingine. Nilipowaambia wenzangu wa chuo walicheka, wakaniuliza kuna nini huko. Nikawaambia kama ningejua kuna nini, ningekwenda kufanya nini?

Mama hakucheka. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, “Una miaka ishirini na minne. Siwezi kukufungia ndani.”

“Ahsante, mama.”

“Sijamaliza. Mimi simtoi mgonjwa wodini bila kujua anakokwenda anapokewa na nani. Umesema usiku tisa. Nionyeshe zote tisa. Kila usiku, kitanda kiko wapi na nani anakupokea. Ukinionyesha, nenda na baraka zangu. Ukishindwa, nenda vilevile, lakini baraka usiniombe.”

Ningeweza kuondoka bila hizo baraka. Nauli nilikuwa nayo, na miguu ni yangu. Lakini namjua mama akinuna. Ukisafiri naye amenuna, hata kama yeye kabaki nyumbani, umembeba mgongoni njia nzima, na hakuna mkanda niliowahi kuushona unaoweza kupunguza uzito huo.

Kwa hiyo nikapanga. Sikupanga kwenye simu. Mimi kichwa changu hufanya kazi kikiwa na kadibodi mbele yake. Nilichukua moja kubwa iliyobaki kazini, ndefu kama mlango, nikaiegemeza ukutani chumbani kwangu na kuchora barabara kutoka pembe moja hadi nyingine. Miezi mitano niliwauliza makarani wa tiketi, madereva, wateja wa karakana, mtu yeyote mwenye vumbi la mbali kwenye viatu. Usiku wa kwanza, mji wa kiwanda cha karatasi, kwa dada yake karani wa tiketi. Usiku wa pili, hosteli ya chuo cha ualimu. Usiku wa tatu, mji ule ulioandikwa kwenye vioo vya mabasi, nyumba ya wageni mkabala na posta. Kurudi nilikuwa na njia nyingine, usiku wa sita hadi wa tisa, nayo nikaijaza vizuri.

Tatizo lilikuwa katikati. Kila niliyemuuliza aliishia usiku wa tatu. Dereva mmoja aliniambia, “Binti, mimi nikifika pale nageuza basi. Huko mbele waulize ndege.” Wiki tatu nafasi ya usiku wa nne na wa tano ilibaki wazi kwenye ile kadibodi, nayo ilikuwa inanitazama kila nikivaa viatu. Hatimaye, Jumapili moja, nikaijaza. Nikaandika: Nyumba ya Wageni Utulivu. Mwenye nyumba ni mjane, ana mabinti wawili. Mlango una komeo la ndani. Maji ya moto asubuhi.

Hakukuwa na mjane. Hakukuwa na Utulivu. Nilipofika kwenye maji ya moto nilijua nimezidisha, lakini kalamu ilikuwa imeshakolea. Nilijitetea kwamba nitakapofika nitapata mahali, na mahali hapo patafanana na hapo kwa kiasi fulani, na mama atakuwa amelala vizuri siku zote tisa. Nani aliyeumia? Hivyo ndivyo nilivyojiuliza, na ukijiona unajiuliza hivyo, ujue jibu umeshalijua.

Tulikubaliana mama aione kadibodi siku ya Alhamisi, akitoka zamu ya asubuhi.

Jumanne dereva mmoja akaniambia basi la usiku wa saba limebadilishiwa saa. Kuichora upya safari chumbani kwangu ilikuwa shida, kwa kuwa kadibodi ikilala sakafuni mimi sina pa kusimama. Jumatano nikaibeba kichwani hadi karakana, kwa sababu meza ya kukatia ndiyo meza pekee niijuayo inayotosha safari nzima. Nilifika mapema, nikaitandaza, nikafuta, nikaandika upya. Nilikuwa natafuta msumari wa kuitundikia tajiri alipoingia na kuniambia zipu za mabegi zimekwisha, nikimbie dukani nirudi kabla ya mteja wa sampuli, anayekuja saa nne.

Sampuli hiyo ilikuwa yangu. Mabegi arobaini ya wapima ardhi, mchoro wangu wa kwanza kukubaliwa. Mpima ardhi anatembea kutwa nzima, na kila akitaka utepe wake wa kupimia analazimika kulishusha begi. Mimi nikaweka mfuko ubavuni, chini kidogo ya kwapa, mdomo wake umekatwa mshazari, mkono uingie bila begi kushuka. Nilitembea na begi hilo wiki nzima, limejaa matofali manne, kabla sijamwonyesha mtu. Tajiri alisema mabegi arobaini yakitoka, likizo yangu inaanza siku hiyo hiyo. Kwa hiyo kwenda dukani sikwenda, nilikimbia. Na kabla ya kukimbia niliigeuza ile kadibodi kifudifudi, maandishi chini. Nilimwogopa Mkasi. Mkasi akikuta maandishi husoma kwa sauti, na mimi yule mjane sikutaka asomwe kwa sauti.

Nilirudi baada ya dakika arobaini. Meza ilikuwa safi.

“Mkasi, shikamoo. Kadibodi yangu iko wapi?”

“Marahaba. Kadibodi ipi?”

“Iliyokuwa hapa.”

Aliinua uso polepole, akanitazama juu ya miwani. “Hapa wapi?”

Wote wawili tulikuwa tunajua hapa ni wapi.

“Diploma,” akasema, kwa upole ambao ulinitisha kuliko kama angegomba, “uliilaza mezani?”

Alinionyesha ukuta. Violezo vya begi langu vilikuwa vimetundikwa kwenye misumari mipya, vimekatwa kwa usafi ule ule wa siku zote. Kiolezo cha mgongo kilibeba usiku wa kwanza, wa pili na wa tatu. Kifuniko kilikuwa na wa sita na wa saba. Mbavu mbili zilikuwa wa nane na wa tisa, na ule mfuko wangu wa mshazari ulikuwa na kipande cha barabara kisicho na mji wowote. Alikuwa ameikata safari yangu kwa mchoro wangu mwenyewe.

“Niliona upande mtupu, nikashukuru,” alisema. “Nikasema leo tajiri katuletea kadibodi ya maana. Nilipogeuza kipande cha kwanza nikakuta mwandiko wako, lakini mkasi ulikuwa umeshapita. Maji yakimwagika hayazoleki.”

“Na kipande cha katikati ya safari? Juu, karibu na pembe?”

“Kile kilibaki chembamba. Nikakitia kwenye kitako cha sampuli, begi lisimame vizuri. Mteja alifika mapema. Amelipenda, ameondoka nalo mgongoni, anaingiza mkono ubavuni na kuutoa kama mtoto.” Akakohoa kidogo. “Nilikisoma, lakini. Utulivu. Pazuri pale.”

Nilipaswa kulia, au angalau kukaa chini. Badala yake nilihisi kitu kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachombana. Ule uongo ulikuwa umeondoka mlangoni kwa miguu ya mtu mwingine. Nilikaribia kucheka. Kisha nikakumbuka kesho ni Alhamisi.

Jioni nilimwambia mama kadibodi imekatwa. Sikusema zaidi. Aliniuliza, “Vipande viko wapi?” Nikamwambia viko kazini, haviwezi kuondoka mpaka mabegi arobaini yaishe. “Basi si vimepona,” akasema. “Natoka saa nane. Nitapita huko huko.”

Alikuja saa nane na robo, na sare yake, na viatu vyake vyeupe ambavyo havijawahi kuonekana kwenye sakafu yenye nyuzi kama ile. Cherehani mbili zilinyamaza zenyewe. Tajiri alikuwa ametoka. Mkasi akafuta mikono, akamletea kiti.

“Karibu, mama Diploma.”

“Nani Diploma?”

“Si huyu wako?”

Mama alinitazama kwa kona ya jicho. “Nyumbani ana majina mengine,” akasema, “lakini hilo tutalifikiria.” Kiti hakukikalia. Alikwenda moja kwa moja ukutani, akaanza kusoma msumari kwa msumari, kidole mbele, kama anavyopokea wodi kwa mwenzake wa zamu iliyopita.

“Usiku wa kwanza. Huyu dada wa karani, umeongea naye?”

“Mara mbili, mama.”

“Ana watoto?”

“Watatu. Ameniambia nitalala na mkubwa.”

“Vizuri. Wa pili, hosteli. Wasichana peke yao?”

“Jengo lao peke yao.”

“Wa tatu, posta. Hapa umeandika ‘mlinzi anakoroma’.”

“Ndivyo nilivyoambiwa.”

“Mlinzi anayekoroma si mlinzi, ni mpangaji. Lakini sawa, posta ni mahali pa watu.” Akahamia kwenye kifuniko. “Wa sita. Wa saba, umebadilisha saa ya basi, nimeona. Wa nane. Wa tisa.” Akarudi nyuma hatua mbili, akahesabu kwa midomo bila sauti, akarudi kwenye kiolezo cha mgongo, kisha kwenye kifuniko. “Wa nne na wa tano uko wapi?”

Mkasi alinitangulia. Ni mtu mwema, na alijua kosa la kukata lilikuwa lake nusu. “Huo niliutia kwenye kitako, mama, samahani sana. Umekwenda na mteja. Lakini usiwe na wasiwasi, niliusoma kwa macho yangu haya. Nyumba ya Wageni Utulivu. Kuna mama mjane, ana mabinti wawili. Mlango una komeo la ndani. Hata maji ya moto yapo.”

Niliuona uso wa mama ukilainika. Lilikuwa jambo la kuonekana kabisa, kama kitambaa kinapopigwa pasi. Mjane. Mabinti wawili. Komeo. Kila kitu nilichokiweka kwa ajili yake kilikuwa kimefika kilikokusudiwa, na kimefikishwa na mtu ambaye hajawahi kusema uongo tangu nimjue. Mimi sikuhitaji kufungua mdomo. Nilihitaji kunyamaza tu, na baraka zilikuwa zangu, na wiki mbili baadaye ningekuwa ndani ya basi.

Nilitazama sakafu. Nikatazama viatu vyeupe.

“Hakuna mjane,” nikasema.

“Amekufa?” Mkasi akauliza.

“Hayupo. Hakuwahi kuwapo. Nilimbuni mimi. Nyumba nimeibuni, mabinti nimewabuni, na maji ya moto. Kila mtu niliyemuuliza anaishia usiku wa tatu. Sijui nitalala wapi usiku wa nne, wala wa tano. Sijui kabisa.”

Mkasi alivua miwani, akaanza kuisugua kwa pindo la shati, na hakuonekana kama ana haraka ya kumaliza. Mama sasa alikikalia kile kiti.

“Njia ya mwongo fupi,” alisema. “Wewe yako umeichora ndefu kama mlango.”

“Ndiyo, mama.”

“Kwa nini mabinti wawili?”

Sikulitegemea swali hilo. “Eh?”

“Mjane namwelewa. Ulijua nitampenda mjane. Lakini mabinti wawili wa nini? Mmoja asingetosha?”

“Mmoja,” nikasema, “niliona angekuwa mpweke.”

Mkasi akatoa sauti puani, akageukia ukuta. Mama alikaza midomo. Aliikaza kwa nguvu, na mabega yakaanza kumtikisika, na hatimaye akafunika uso kwa viganja vyote viwili na kucheka kicheko cha mtu aliyesimama kwa miguu tangu alfajiri. Alipomaliza alifuta macho, na uso wake ukarudi kazini.

“Sikiliza,” akasema. “Wodini kuna mgonjwa hajapimwa joto. Muuguzi mvivu anaandika thelathini na saba, kwa sababu thelathini na saba haimsumbui mtu. Daktari anapita, anaona thelathini na saba, anaendelea kitanda kinachofuata. Nimewahi kuona mgonjwa akipotea hivyo, mikononi mwa thelathini na saba. Mwenye akili anaandika ‘haijapimwa’. Daktari atagomba. Mwache agombe, lakini atapima. Umenielewa?”

“Nimekuelewa.”

“Fundi, una kipande kingine cha kadibodi?”

Mkasi alichagua kipande kizuri, chenye kingo safi, akanipa na kalamu yake ya alama. Mama akanielekeza kwa kidevu. Nikaandika, herufi kubwa: USIKU WA NNE, HAIJAPIMWA. USIKU WA TANO, HAIJAPIMWA. Tukakitundika kati ya mgongo na kifuniko.

“Hapo sasa naona unachokwenda kufanya,” alisema mama. “Jana nisingekiona.”

“Kwa hiyo nimeruhusiwa?”

“Nimesema naona. Sijasema nimekipenda.” Akanyanyuka, akajipangusa nyuzi. “Kwaheri, fundi. Na wewe ukikuta kitu mezani, siku nyingine kigeuze.”

“Nikianza kugeuza kila kitu, mama, nani atakula hapa?” Mkasi akamjibu, na mama akakubali kwamba hilo nalo ni neno.

Siku nne hakusema lolote kuhusu safari. Alikula, alilala, alikwenda zamu, alirudi. Mimi nilishona. Mara arobaini nilimtazama Mkasi akizungusha chaki kwenye usiku wangu wa kwanza, wa pili na wa tatu, mara themanini kwenye mbavu, na begi baada ya begi likasimama kwenye rafu na mfuko wake wa mshazari. Wapima ardhi wawili walipita kuchungulia na mmoja akaniuliza aliyebuni mfuko huo ni bwana gani. Mkasi akamjibu bila kuinua kichwa, “Bwana ndiye huyu, amevaa gauni.” Jioni nilikuwa narudi nyumbani na vidole vinauma na roho nyeupe, isipokuwa kale kakipande kamoja kalichokuwa kanamsubiri mama.

Siku ya tano nilimkuta jikoni anachemsha chai.

“Unaondoka Jumatatu ya wiki ijayo?” akauliza, mgongo wake kwangu.

“Kama mabegi yakiisha.”

“Yataisha. Nimebadilishana zamu na mwenzangu. Siwezi kukusindikiza stendi nimevaa sare, watu watadhani unapelekwa hospitali.” Akamimina vikombe viwili. “Siku zile mbili, ya nne na ya tano, saa kumi na mbili jioni, unipigie. Uwe umeshapata, au hujapata, unipigie. Sitaki uniambie jambo la kunifurahisha. Niambie lililopo.”

“Na baraka?”

“Kunywa chai,” akasema. “Baraka haziharakishwi na maswali.” Lakini aliposogeza kikombe upande wangu alinishika kichwa, akauacha mkono hapo, muda mrefu kuliko chai inavyohitaji kupoa.

Usiku tatu za kwanza zilikuwa kama nilivyoziandika. Mlinzi wa posta anakoroma kweli. Asubuhi ya siku ya nne, mbele ya mji ule wa kwenye vioo vya mabasi, nilipanda gari dogo la mizigo lililobeba magunia ya saruji na sisi abiria watano, na dereva aliposikia ninakwenda mpaka mwisho aliniuliza mwisho wa nini. Tulisafiri kwa saa sita. Vijiji vilianza kuachana kama vifungo vya shati lililokonda uzi. Saa kumi alasiri akasimama kwenye mji wenye safu moja ya maduka, akaniambia, “Hapa.”

Nilikuwa na begi mgongoni, saa mbili tu kabla ya kumpigia mama, na hakuna mtu aliyejua nimefika. Niliogopa, sitaficha. Nilinunua maji duka la dawa, na muuzaji akaniuliza mimi ni mgeni wa nani, swali ambalo miezi mitano nilikuwa nimelikimbia. Nikamwambia, si wa mtu bado. Alifikiri, akatoka nje ya kaunta, akanionyesha nyumba ya fundi baiskeli na mkewe, mwisho wa safu. Mtoto wao wa kiume amekwenda kusoma, chumba chake kiko kitupu.

Saa kumi na mbili kamili nilikuwa nimekaa kwenye kitanda cha mtoto huyo nikimpigia mama. Alipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha.

“Niambie.”

“Nimepata, mama. Nyumba ya fundi baiskeli na mkewe. Komeo hakuna, kuna kamba na msumari. Maji ya moto hakuna. Mama mwenye nyumba ameniuliza maswali yako yote, kwa mpangilio wako ule ule, nusura nimwamkie kwa jina lako.”

“Ana sauti gani?”

“Kama mtu anayejua sufuria zake zote ziko wapi.”

Alishusha pumzi. Nyuma yake nilisikia magurudumu ya kitoroli cha dawa na sauti za wenzake wa zamu. Nilidhani ataniaga. Badala yake akauliza, kama mtu anayeuliza jambo dogo tu, “Kuna dirisha?”

“Lipo.”

“Linatazama nini?”

Nikasimama, nikasogeza pazia. Nikamweleza nilichokiona: kwamba lami inaishia hapa hapa, chini ya dirisha, ghafla, imekatika kama biskuti, na baada yake kuna udongo mwekundu wenye njia tatu, na njia zote tatu zina alama za magurudumu, na wanawake wawili wanapita kwenye ile ya katikati wanazungumza, na mbele yao kuna kilima, na jua liko upande wa kushoto wa kilima. Niliongea bila kupumzika. Nilipomaliza, upande wa pili hata kitoroli kilikuwa kimesimama.

“Na ile njia ya katikati?” mama akauliza. “Ikivuka kilima inakwenda wapi?”

“Sijui, mama. Nitaifuata kesho.”

Nilimsikia akigeuka na kuwaambia wenzake, kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia akiitumia kwa neno hilo, “Anasema hajui. Kesho ndiyo atajua.”